Feza ya Bima Wakati wa Uzazi: Barua ya Kodi Iliyomfikia Mdogo Wangu Marekani



Mwaka jana, kwa muda fulani, mdogo wangu anayeishi Marekani aliacha kujibu simu zetu. Tulipiga asubuhi, tukapiga usiku tukihesabu saa za kwao, bila jibu. Ujumbe wa WhatsApp aliusoma, akanyamaza. Hapa nyumbani Lubumbashi kila mtu alikuwa na maelezo yake. Mama alisema mtoto amekwisha kuwa mzungu. Shangazi alisema mume ndiye anamkataza. Na mimi yaya wake, mwalimu ambaye kila siku ninawaomba wazazi wa wanafunzi wasiwe wakali, nilimwandikia maneno ya ukali juu ya minervali ya kitinda mimba wetu, aliyekuwa anajitayarisha kwa Exetat.

Halafu siku moja ya Mungu, baada ya misa, akapiga simu mwenyewe. Alikuwa analia. Biro ya kodi ya Marekani, ile wanayoiita IRS, ilikuwa imemwandikia barua ya kurasa nyingi. Alielewa mambo mawili tu ndani yake: jina lake, na kwamba anadaiwa feza. Alifikiri amekuwa mwizi wa serikali. Alifikiri makaratasi yao ya ukaaji yataharibika. Ndiyo maana alikuwa amejificha hata kwetu.

Ninaandika habari hii kwa ruhusa yake. Aliniomba nisitaje jina lake wala mji wake. Nitasema tu ni jimbo la Iowa, ambako Wakongomani ni wengi sasa. Ninaiandika kwa sababu najua kwamba wengi wenu mna mtoto, mdogo ao bamukwe kule, na kwamba gazeti letu mnalipiga picha na kuwatumia. Basi, hii mutume.

Mdogo wangu aliolewa na mwanaume wa Pweto ambaye jamaa yake ilikimbilia Zambia wakati wa vita. Kutoka kambi ya Meheba walipelekwa Marekani. Yeye anafanya kazi katika depo kubwa, anapakia vitu kwa masanduku. Mume wake naye ana kazi. Alipopata mimba ya mtoto wa kwanza, alifanya kazi mpaka wiki ya mwisho, kisha akazaa kwa operesheni.

Hapa inafaa nieleze jambo moja ambalo hata mimi lilinishangaza. Kwetu Kongo, sheria ya kazi ya tarehe 16 mwezi wa kumi 2002 inampa mwanamke mwenye mkataba wiki 14 za likizo ya uzazi, na theluthi mbili za mshahara wake. Najua, najua: mabwana kazi wengi wanajifanya hawaijui sheria hiyo, na wamama wanaouza sokoni haiwahusu kitu. Lakini imeandikwa. Marekani, ile nchi tunayoiota, sheria ya nchi nzima haimlazimishi mwenye kazi kumlipa mwanamke aliyezaa hata franka moja. Sheria yao ya 1993 inamlindia nafasi yake ya kazi kwa wiki 12 bila mshahara, na hiyo ni kama amefanya kazi kwa muda wa miezi 12 na saa 1,250, tena kwa kampuni yenye wafanyakazi 50 ao zaidi. Majimbo machache yameongeza sheria zao wenyewe za malipo. Iowa haimo.

Sasa mwanamke anakula nini wiki zile? Kampuni nyingi zina bima maalumu, asiransi ya muda mfupi kwa mfanyakazi ambaye mwili wake hauwezi kazi: ugonjwa, operesheni, kuvunjika mguu nyumbani, na pia kuzaa. Kwa kawaida bima hiyo inahesabu wiki 6 kwa mwanamke aliyezaa kwa njia ya kawaida na wiki 8 kwa aliyepasuliwa. Mara nyingi wiki ya kwanza hailipwi. Na hailipi mshahara mzima. Ya mdogo wangu ililipa asilimia 60.

Alikuwa anapata dolari 800 kwa wiki. Asilimia 60 ni dolari 480. Wiki 7 zilizolipwa, mara 480, ni dolari 3,360. Mutunze hesabu hiyo, tutairudilia.

Mwezi wa kwanza wa mwaka uliofuata, kampuni za Marekani zinatoa karatasi inayoitwa W-2. Ni karatasi inayoonyesha mfanyakazi alilipwa ngapi mwaka mzima na kodi gani ilikatwa. Mwisho wa kuitoa ni tarehe 31 ya mwezi huo. Kisha kila mtu mwenyewe anajaza deklarasio yake ya kodi, karatasi inayoitwa 1040, na kuipeleka kabla ya tarehe 15 ya mwezi wa ine.

Mahali hapa ndipo watu wetu wengi wanajikwaa, na sioni kama ni ujinga. Sisi tumekulia katika nchi ambako kodi ya mshahara inakatwa na mwenye kazi, na mwenye kazi ndiye anaitangaza. Mfanyakazi anapokea kilichobaki na habari imekwisha. Sijawahi kuona mwalimu mwenzangu anajaza deklarasio ya mapato yake. Mtu akitoka katika desturi hiyo, anafikiri kila feza iliyokwisha kufika mkononi mwake ni safi. Kule sivyo. Kile kinachokatwa kila wiki ni kama avansi. Hesabu ya kweli inafanywa mwisho wa mwaka, na anayeifanya ni wewe.

Mdogo wangu alipata W-2 moja, ya depo. Aliipeleka kwa mtu mmoja wa jamii ambaye anajazia watu deklarasio kwenye meza ya jikoni, kwa dolari 150. Mtu yule hakuuliza kama alipata malipo mengine mwaka ule. Hakuweka sahihi pia, ingawa sheria ya kule inamtaka kila mtu anayelipwa kwa kazi hiyo aweke sahihi yake na namba yake aliyopewa na IRS. Anayelipwa na hataki kuweka sahihi, mutoke kwake mbio.

Lakini kulikuwa na W-2 ya pili. Kampuni ya bima ndiyo iliyomlipa zile 3,360, kwa hiyo kampuni ya bima pia ilimtolea W-2. Wakati ule walikuwa wamehama kutoka nyumba moja kwenda nyingine, barua ikafika kwa anwani ya zamani, na rafiki aliyebaki pale akaiweka pamoja na karatasi za matangazo ya duka. Iligunduliwa baadaye ndani ya mfuko wa plastiki, chini ya kitanda cha mtoto wa yule rafiki. Nakala nyingine ya W-2 inakwenda kwa serikali. Serikali haikuiweka chini ya kitanda.

Nilimwuliza mdogo wangu: "Hukujua kwamba ni mapato?" Akanijibu: "Yaya, ilikuwa feza ya ugonjwa. Nani analipa kodi ya ugonjwa? Tena walikuwa wanakata."

Kweli walikuwa wanakata. Kwenye karatasi ya kila malipo iliandikwa dolari 36 na senti 72 zimetolewa. Mimi nilikaa na kalamu: 36.72 kwa 480 ni asilimia 7.65. Hiyo siyo kodi ya mapato. Ni michango miwili ya lazima, mmoja kwa pensheni ya uzee na mwingine kwa matibabu ya wazee. Kodi ya mapato yenyewe haikukatwa hata senti moja, kwa sababu kampuni ya bima haikati kodi hiyo mpaka mfanyakazi aiombe kwa karatasi inayoitwa W-4S. Nani angemwambia? Alikuwa hospitalini na mshono tumboni.

Sasa swali lenyewe: feza ya namna hii inalipiwa kodi ao hapana? Nilitumia siku tatu za likizo ya Pasaka kusoma makaratasi aliyonipigia picha, neno kwa neno, na dikisionere pembeni. Jibu linategemea nani alilipa mchango wa bima, na kama feza ya mchango huo ilikuwa imekwisha kulipiwa kodi. Ugonjwa wenyewe hauingii katika hesabu hiyo.

Muwaze wamama wawili katika depo moja, wote wamezaa mwezi mmoja, wote wamepokea dolari 3,360. Wa kwanza, mchango wake wa bima unalipwa na kampuni. Hajawahi kuuona kwenye karatasi yake ya mshahara. Malipo yake yote ni mapato, kama mshahara, na yanalipiwa kodi. Wa pili anajilipia mchango mwenyewe, na unakatwa kwa mshahara wake baada ya kodi kuhesabiwa. Yeye amekwisha kulipa kodi ya feza ile, na malipo yake hayalipiwi tena. Anaweka 3,360 yake nzima.

Kuna mtego katikati. Kuna wamama ambao wanakatwa mchango wenyewe, lakini unakatwa kabla ya kodi kuhesabiwa. Wanasema, "Mimi ninajilipia," na ni kweli, lakini feza ile haikuguswa na kodi wakati wa kutoka, kwa hiyo inaguswa wakati wa kurudi. Yeye anahesabiwa kama yule wa kwanza. Na kama kampuni na mfanyakazi wanagawana mchango, sehemu ya kampuni inaleta kodi na sehemu ambayo mfanyakazi alilipa baada ya kodi haileti. Mfano wa nusu kwa nusu: kwa 3,360, ni 1,680 tu inayoingia katika deklarasio.

Haya yote yanaonekana kwenye karatasi ya mshahara kwa mtu anayejua kuitazama: mstari wa bima uko juu ya hesabu ya kodi ao chini yake? Asipoelewa, aulize biro ya wafanyakazi ya kampuni yake kwa maandishi. Ni haki yake kuuliza.

Kwenye W-2 pia kuna alama. Kisanduku cha 1 kinabeba mapato yanayolipiwa kodi, na namba hiyo ndiyo inaingia kwenye mstari wa 1a wa ile 1040. Kisanduku cha 13 kina visanduku vitatu vidogo; cha mwisho kikiwekwa alama, maana yake ndani yake kuna malipo ya ugonjwa yaliyotoka kwa mtu wa tatu, yaani bima. Na katika kisanduku cha 12, herufi J inaonyesha malipo ya ugonjwa ambayo hayalipiwi kodi. Wakati mwingine mwenye kazi anaunganisha yote katika W-2 moja. Wakati mwingine, kama kwa mdogo wangu, zinakuja mbili.

Ninaomba nifungue mlango mmoja pembeni, kwa sababu vijana wetu wengi kule wanafanya kazi katika viwanda vya nyama, na visu havina urafiki. Mtu akikatwa kidole kazini na kulipwa na bima ya ajali za kazi, malipo yale hayalipiwi kodi ya mapato. Hiyo ni bima nyingine kabisa. California nayo ina mfuko wa jimbo ambao wafanyakazi wenyewe wanauchangia, na malipo yake ya ugonjwa kwa kawaida hayaingii katika mapato. Kwa hiyo msimwambie mtoto wenu wa California mambo ya Iowa, wala aliyeanguka kazini mambo ya aliyezaa. Na kodi ya jimbo ni hesabu nyingine tena: Texas na Tennessee hazikati kodi ya jimbo kwenye mshahara, Iowa inakata.

Turudi kwa mdogo wangu. Mtoto alikuwa anakaribia miaka miwili, anakimbia nyumbani kote, wakati barua ya IRS ilipofika. Namna hii ya barua inaitwa CP2000. Inachukua muda mrefu kufika kwa sababu ni kompyuta inayolinganisha kile ulichoandika na zile nakala walizopokea. Na hapa nilimwambia mdogo wangu asome tena ukurasa wa kwanza, polepole, pamoja na mimi. Haikusema kwamba yeye ni mwizi. Ilisema: tumeona feza hii kwa karatasi ya kampuni ya bima, hatukuiona kwa deklarasio yako, sisi tunapendekeza hesabu hii, unakubali ao unakataa? Alikuwa na siku 30 za kujibu. Alikuwa amekwisha kuharibu 19 kwa kulia.

Hesabu yenyewe: mapato ya yeye na mume wake pamoja yalifika kwenye ngazi ya kodi ya asilimia 12. Asilimia 12 ya 3,360 ni dolari 403 na senti 20. Wakaongeza riba, dolari thelathini na kidogo. Basi. Feza ile ni kubwa, sisemi ni ndogo; ni zaidi ya mishahara yangu ya miezi miwili. Lakini yeye, katika usiku wake wa kutolala, alikuwa amefikisha deni katika maelfu, na gereza juu yake.

Tuliangalia karatasi zake za mshahara za mwaka wa uzazi, moja moja. Mchango wa bima haukuonekana popote. Kampuni ndiyo iliyoulipa. Kwa hiyo pendekezo lilikuwa sawa. Kama tungekuta kwamba alijilipia baada ya kodi, angeandika "ninakataa", angeambatanisha zile karatasi, na kungoja jibu. Kukataa kwa ushahidi si kosa. Kunyamaza ndiko kubaya, maana siku zikipita wanaendelea na pendekezo lao.

Alikwenda na barua yake kwenye maktaba ya mji, ambako kuna watu wa kujitolea wanaosaidia bure kujaza kodi; mpango huo unaitwa VITA, na unawapokea watu wa mapato madogo na wale wasiojua Kiingereza vizuri. Wanafanya kazi hasa kati ya mwezi wa pili na wa ine. Kwa mtu ambaye amekwisha kuingia katika ugomvi na IRS, kuna pia kliniki za walipa kodi wa mapato madogo, zinazoitwa LITC, ambazo zinamsaidia mtu bure ao kwa feza kidogo sana. Mama mmoja mzee wa maktaba alimwonyesha mahali pa kuweka sahihi na akamweleza kwamba angeweza kuomba kulipa kidogo kidogo kila mwezi. Yeye na mume wake waliamua kulipa mara moja. Ndiyo sababu feza ya Exetat haikufika kwa wakati.

Aliye na mimba sasa, ama anayengoja operesheni, asingoje barua. Aulize kabla ya kuingia hospitalini nani analipa mchango wa bima yake. Kama kampuni ndiyo inalipa, ajaze ile W-4S ili bima ikate kodi kila wiki, ama mwenyewe atie kando: kwa mdogo wangu ingekuwa dolari 58 kwa wiki, kwa wiki 7. Akihama nyumba, ajulishe posta, kampuni na bima. Na aliyekwisha kutuma deklarasio akakumbuka baadaye kwamba kuna W-2 iliyosahauliwa, asingoje kompyuta imkute; kuna karatasi 1040-X ya kurekebisha, na riba inakuwa ndogo kwa sababu siku ni chache.

Jambo jingine lilikuwa la kwetu sisi, wala halikuhitaji dikisionere. Nilipokuwa ninahesabu zile wiki 7, niliona kwamba mdogo wangu alikuwa anapokea dolari 443 na kidogo kwa wiki pahali pa 800. Nikafungua daftari ambamo ninaandika feza anazotuma. Miezi ile miwili alituma sawasawa kama kawaida. Hakupunguza hata kumi. Tulikuwa tumempigia makofi kwa simu kwa sababu ya mtoto, tukamwombea, kisha katika simu ile ile tukamkumbusha paa la jikoni la Mama. Hakuna aliyemwuliza wanakula nini. Nilimwambia Mama. Alinyamaza muda mrefu, kisha akauliza kama operesheni ile ilikuwa inamuuma bado.

Minervali tuliilipa kwa likelemba yangu. Nilibadilishana zamu na mama mwingine wa chama hiki, anajijua, ninamshukuru. Kitinda mimba aliandika Exetat yake.

Mwezi uliopita mdogo wangu alinitumia picha mbili. Ana mimba ya pili. Ya kwanza ni picha ya karatasi yake ya mshahara, na mstari mmoja ameuzungushia kalamu nyekundu: bima, mchango wa mfanyakazi, baada ya kodi. Kampuni imebadilisha mpango wake mwaka huu, sasa wafanyakazi wanajilipia wenyewe. Chini ameandika: "Yaya mwalimu, hii ni yule mama wa pili, sivyo?" Picha nyingine ni ya mtoto, ameketi juu ya ule mfuko wa plastiki wa makaratasi.

Nilimjibu kwamba ni yule wa pili, lakini aiweke ile karatasi ya mshahara mahali ambapo mtoto hafiki.